Nazi huivuta Dunia kwa kani ile ile inayovutwa nayo

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Tulikuwa shambani Pangani tunaangua nazi, akaniambia kwamba nazi inapoanguka si Dunia peke yake inayoivuta nazi, bali nazi nayo inaivuta Dunia, tena kwa nguvu sawasawa. Nilimkatalia. Mimi nilisoma kwamba nguvu ya pili ni ile ya ardhi kuisukuma nazi juu ikishatua. Kama nazi inaivuta Dunia kwa nguvu hiyo hiyo, mbona Dunia haisogei? Na mbona nikiweka nazi mbili chini hazivutani? Naye akaongeza lake: ikiwa kitu kizito kinaivuta Dunia zaidi, je, kitafika chini mapema kuliko chepesi? Tuamulie, maana hatujaelewana."

Marahaba, ndugu yangu. Nisalimie sana huyo binti, maana yuko sahihi. Nazi ya kilo moja na nusu huvutwa na Dunia kwa kani, yaani nguvu, ya karibu niutoni 15 (niutoni ni kipimo cha kani), nayo huivuta Dunia nzima kwa niutoni hizo hizo 15. Sisemi zinakaribiana, ni sawa kabisa. Haidhuru nazi iwe mtini, iwe hewani au iwe imelala mchangani.

Tatizo letu wengi ni kwamba tunaifikiria Dunia kama kitu cha namna yake, chenye uwezo wa kuvuta ambao vitu vingine havina. Wazo hilo lina mizizi mirefu. Kwa karibu miaka 2000 wasomi walifuata fundisho la Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba vitu vizito huelekea katikati ya ulimwengu kwa sababu hapo ndipo mahali pake. Mwaka 1687 Isaac Newton alichapisha hesabu zilizoliondoa wazo hilo. Alichosema ni kwamba kila kipande cha maada huvuta kila kipande kingine, popote vilipo. Dunia haina upendeleo wowote hapo. Ni rundo la mawe, chuma, maji na mchanga, na kila punje ya rundo hilo inavutana na nazi yako kivyake. Kani kubwa tunayoisikia ni jumla ya mivutano midogo mno isiyo na idadi. Ukishaikubali Dunia kuwa rundo la vitu vya kawaida, huwezi tena kusema mchanga unaivuta nazi lakini nazi haiuvuti mchanga, kwa kuwa vyote viwili ni maada ile ile.

Kanuni yenyewe ni fupi. Zidisha tungamo (yaani kiasi cha maada) la kitu cha kwanza kwa tungamo la kitu cha pili, gawa kwa kipeo cha pili cha umbali kati ya vitovu vyao, kisha zidisha kwa namba moja ndogo isiyobadilika, ambayo wanafizikia huiandika kwa herufi G. Nazi ina kilo 1.5. Dunia ina kilo ambazo ukiziandika utaandika 6 ikifuatwa na sifuri 24. Umbali kutoka kitovu cha Dunia hadi hapo mlipo ni kama kilometa 6,371. Hesabu inatoa niutoni 14.7. Sasa niambie, jibu hilo ni la nazi au la Dunia? 1.5 mara 6 ni sawa na 6 mara 1.5. Ndani ya kanuni hamna mahali pa kuandika nani mvutaji na nani mvutwaji.

Mbona basi Dunia haisogei? Inasogea. Hapa inabidi tutenganishe mambo mawili ambayo akili hupenda kuyachanganya: kani ni jambo moja, na mwendo unaotokana nayo ni jambo jingine. Fikiria uko ndani ya ngalawa, umeshika kamba ambayo mwisho wake wa pili umefungwa kwenye jahazi lililojaa mzigo. Ukivuta kamba, mkazo wake ni mmoja kutoka ncha hadi ncha. Jahazi linavutwa kwako kama wewe unavyovutwa kwalo. Lakini anayeangalia kutoka ufukweni ataapa kwamba ni ngalawa tu iliyokwenda. Jahazi nalo limekuja, kidogo, kwa kadiri lilivyo zito kuliko ngalawa.

Tuipigie hesabu nazi. Mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi inaongezeka kila sekunde, hupatikana kwa kugawa kani kwa tungamo. Niutoni 14.7 ukizigawa kwa kilo 1.5 unapata 9.8, ile namba anayoijua kila mwanafunzi wa fizikia. Niutoni hizo hizo ukizigawa kwa tungamo la Dunia unapata namba ndogo isiyo na matumizi popote. Tuseme mnazi una urefu wa mita 20. Nazi itafika chini baada ya sekunde 2 hivi. Katika sekunde hizo 2 Dunia imepanda kuifuata kwa mita 5 zilizogawanywa kwa 1 yenye sifuri 24. Ndani ya kiini cha kila atomu mna chembe iitwayo protoni. Upana wa protoni moja ni mkubwa kuliko mwendo huo mara zaidi ya milioni 300. Hakuna chombo kilichowahi kutengenezwa kinachoweza kuupima.

Tena mwendo huo ni wa kulipa deni. Mnazi ulipokuwa ukipandisha maji na madini hadi kileleni kuitengeneza hiyo nazi, Dunia ilisukumwa upande wa pili kwa kiasi kile kile. Nazi ikianguka, hesabu inarudi palepale. Ndiyo maana hata watu wote bilioni 8 wangekusanyika mahali pamoja na kuruka kwa wakati mmoja, Dunia isingehama njia yake. Kila mmoja akiwa na kilo 60 na kuruka sentimita 30, Dunia ingerudi nyuma kwa kama sehemu moja kati ya 4,000 ya upana wa atomu, kisha wakishuka nayo ingerudi ilikokuwa.

Sasa ile nguvu ya pili uliyosoma. Hukudanganywa kwamba ardhi huisukuma nazi juu, husukuma kweli. Ila huyo si mwenza wa uzito wa nazi, na kosa hili nimelikuta hata kwa watu waliofaulu vizuri mitihani yao. Nazi ikiwa imetulia mchangani kuna kani nne, katika jozi mbili. Jozi ya kwanza ni ya mvutano: Dunia inaivuta nazi chini, nazi inaivuta Dunia juu. Jozi ya pili ni ya kugusana: nazi inaukandamiza mchanga chini, mchanga unaisukuma nazi juu. Kipimo cha kuzitofautisha ni rahisi. Iinue nazi kutoka mchangani. Kani za kugusana zimetoweka zote mbili kwa pamoja, lakini uzito wa nazi uko palepale mkononi mwako. Kama mwenza wa uzito angekuwa msukumo wa mchanga, angekuwa amemwacha mwenzake peke yake, na kanuni ya tatu ya Newton, isemayo kwamba kila kani ina mwenza aliye sawa nayo na wa upande wa kinyume, hairuhusu hilo hata kwa nukta moja.

Napenda kuwaonyesha wanafunzi pia nini kingetokea kama nazi isingeivuta Dunia. Nazi inaukandamiza mchanga chini kwa niutoni 14.7, hilo unalikubali, maana ukiweka mkono chini yake unalisikia. Kani hiyo inaisukuma Dunia. Ni nini kinachoizuia isiondoke? Ni mvuto wa nazi yenyewe, unaoivuta Dunia juu kwa kiasi kile kile. Uondoe mvuto huo, na kila nyumba, kila mlima na kila meli iliyotia nanga ingekuwa inaisukuma Dunia kila siku bila kitu cha kuusawazisha msukumo huo. Sayari ingejiendesha yenyewe angani bila kuguswa na chochote cha nje.

Wataalamu hawakuliacha hilo kuwa hoja ya mdomo. Uso wa Mwezi unaotutazama una chuma kingi zaidi, na upande wa nyuma una alumini nyingi zaidi. Ikiwa chuma kingeivuta alumini kwa kani tofauti na ile ambayo alumini inakivuta chuma, Mwezi ungejisukuma na njia yake ingebadilika kidogo kidogo. Tangu mwaka 1969 kuna vioo maalumu vilivyowekwa Mwezini na wanaanga wa Marekani, na umbali wa kwenda huko hupimwa kwa miale ya leza hadi sentimita chache. Mwaka 1986 wanafizikia Bartlett na Van Buren walitumia vipimo hivyo kutafuta dalili ya mwendo wa namna hiyo. Haikuwepo. Kama tofauti ipo, ni ndogo kuliko sehemu chache kati ya trilioni.

Kuhusu nazi mbili ulizoziweka chini: nazo zinavutana. Vitovu vyake vikiwa sentimita 20 kutoka kimoja hadi kingine, kila moja inavutwa na mwenzake kwa kani ndogo kuliko uzito wake mara karibu bilioni 4. Msuguano wa ardhi unaweza kuizuia kani iliyo kubwa kuliko hiyo mara bilioni moja. Ungeziacha zielee mahali pasipo na hewa, mbali na Dunia na Jua, zingeanza kukaribiana zenyewe. Zikiwa na upana wa sentimita 15 kila moja, pengo la sentimita 5 kati yao lingeisha baada ya saa moja na dakika kama kumi.

Je, kuna aliyewahi kuuona mvutano wa vitu vya ukubwa huo? Yupo, na kazi yake ni miongoni mwa zile ninazozistahi kuliko zote katika fizikia. Mwingereza mmoja aliyeitwa John Michell alibuni na kutengeneza kifaa cha kuupima, akafariki mwaka 1793 kabla hajakitumia. Kifaa kikamfikia Henry Cavendish, tajiri mkimya aliyekuwa akiishi Clapham, London. Cavendish alikiunda upya, na mwaka 1797 na 1798, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 65, akakifanyia kazi.

Kifaa kilikuwa hivi. Ufito wa mbao wenye urefu wa kama mita 1.8 ulining'inizwa kwa waya mwembamba uliofungwa katikati yake. Kila ncha ilibeba tufe dogo la risasi, ile metali nzito, la kilo 0.73. Karibu na kila tufe dogo aliweza kulisogeza tufe kubwa la risasi la kilo 158. Kama risasi inaivuta risasi, basi matufe madogo yangesogea kuelekea makubwa, ufito ungegeuka, na waya ungejikunja mpaka ukinzani wake ulingane na mvutano. Kwa kuwa unajua waya unahitaji kani kiasi gani kujikunja, unajua mvutano ni kiasi gani.

Adui mkubwa alikuwa hewa. Upande mmoja wa chumba ukiwa na joto kidogo kuliko mwingine, upepo mwanana unazuka, na upepo huo una nguvu nyingi kuliko kinachopimwa. Hata joto la mwili wa mtu lingeharibu kila kitu. Kwa hiyo Cavendish alikifungia kifaa ndani ya chumba, akatoka nje, akawa anayasogeza matufe makubwa kutoka nje kwa kamba na kapi, na kuusoma ufito kwa darubini zilizopenya ukutani, kukiwa na taa ya kumulikia. Ufito uligeuka. Ncha zake zilisogea kwa kama milimita 4 tu, chini ya kani isiyofika hata sehemu moja kati ya milioni ya niutoni.

Kutoka milimita hizo Cavendish alipata uzito wa sayari. Alijua Dunia inalivuta tufe dogo kwa kani gani, kwa maana huo ndio uzito wake wa kawaida. Sasa alijua pia tufe la kilo 158 linalivuta kwa kani gani. Ukilinganisha hizo mbili na kuzingatia umbali, unajua Dunia ina maada mara ngapi ya lile tufe. Aliandika kwamba Dunia, kwa wastani, ni nzito mara 5.48 kuliko maji ya ujazo ule ule. Vipimo vya leo vinasema 5.51. Mawe ya kawaida ya juu ya ardhi hayafiki hata 3, kwa hiyo ndani lazima pawe na kitu kizito zaidi, nacho kwa sehemu kubwa ni chuma. Nakuomba umwonyeshe binti yako maana ya hesabu hii: haifanyi kazi ila kama Dunia na tufe la risasi ni vitu vya aina moja, vinavyovuta kwa kanuni moja.

Mwaka 2021 kikundi cha watafiti wa Vienna, Austria, kilikwenda mbali zaidi. Walipima mvutano kati ya vitufe viwili vya dhahabu vyenye upana wa milimita 2, kila kimoja kikiwa na miligramu 90 hivi, uzito wa punje chache za mchele. Nacho kilichowasumbua kilikuwa kelele za mji, mitikisiko ya magari na tramu, hata vipimo vyao vizuri zaidi vikapatikana usiku, katika msimu wa Krismasi.

Lakini kama unataka kuona kitu kidogo kikiikokota Dunia bila maabara, tazama Mwezi. Tungamo lake ni sehemu moja kati ya 81 ya la Dunia, nao ndio ulio mdogo kati ya hao wawili, lakini hauizunguki Dunia iliyotulia. Vyote viwili vinazunguka nukta moja iliyo kati yao, na nukta hiyo iko kama kilometa 4,670 kutoka kitovu cha Dunia, yaani ndani ya ardhi, kilometa 1,700 hivi chini ya uso wake. Dunia inaizunguka nukta hiyo mara moja kila siku 27.3, kwa kasi ya karibu kilometa 45 kwa saa, mwendo wa daladala barabarani. Sisi sote tumo ndani ya mwendo huo na hatuuhisi, kwa kuwa tunachukuliwa pamoja nao.

Bahari ndiyo inayoutoa siri. Maji yaliyo upande wa Mwezi yanavutwa zaidi kidogo kuliko kitovu cha Dunia, na kitovu kinavutwa zaidi kidogo kuliko maji ya upande wa pili. Tofauti hizo ndizo zinazoinua maji pande zote mbili, nasi tunaopita chini yake tunaona maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, Jua linakuwa kwenye mstari mmoja nao, mvuto wao unasaidiana, na wavuvi wa hapo kwenu wanapata bamvu. Mwezi ukiwa nusu wanapingana, nayo yanakuwa maji mafu.

Kanuni hiyo hiyo imetumika kugundua sayari zisizoonekana. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz, wanaastronomia wa Geneva, waligundua kwamba nyota iitwayo 51 Pegasi inakwenda mbele na kurudi nyuma kila baada ya siku 4.2, kwa kasi inayofikia kilometa 200 hivi kwa saa. Sayari yenyewe hawakuiona. Walichokiona ni nyota ikikokotwa na kitu kidogo kuliko yenyewe mara zaidi ya elfu moja. Kazi hiyo iliwapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2019.

Nimeliweka swali la binti yako mwisho kwa sababu ndilo gumu kuliko yako yote, na ninafurahi kwamba ameliuliza. Kwanza tuondoe hewa, maana hewa ndiyo inayolichelewesha jani na kuliacha jiwe. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa Mwezini, pasipo na hewa, vikatua pamoja mbele ya kamera. Hapo jibu la kwanza limepatikana: vitu viwili vikiangushwa sambamba, kani kubwa ya kile kizito inagawanywa kwa tungamo lake kubwa, na mchapuko unatoka ule ule. Nao mwendo mdogo wa Dunia kuja juu unavikuta vyote viwili kwa pamoja.

Vipi kama vinaangushwa kimoja baada ya kingine? Konzi ya mchanga leo, jabali kesho. Jabali linaivuta Dunia zaidi, Dunia inapanda kwa kasi zaidi, basi lingefika mapema kwa kiasi fulani kisichopimika. Hivyo ndivyo binti yako alivyowaza, na kwa hatua hiyo moja yuko sawa. Lakini jabali limetoka wapi? Ulilinyanyua kutoka kwenye Dunia, na Dunia iliyobaki chini ni nyepesi kwa kiasi kile kile. Kasi ya hivyo viwili kukaribiana inategemea jumla ya matungamo yao, na jumla haikubadilika: kilichoongezeka juu kimepungua chini. Kwa hiyo jabali, nazi na punje ya mchanga, zote zikiwa zimeokotwa hapa hapa, hukutana na Dunia kwa muda ule ule kabisa.

Jibu linageuka kuwa ndiyo pale tu kitu kinapotoka nje ya Dunia. Tunacho kimoja nchini, kimondo cha Mbozi kilichopo mkoani Songwe, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Kilipokuwa kinakuja hakikuwa sehemu ya hesabu yetu, na Dunia ilikisogelea kweli, ikaharakisha kukutana nacho kwa chini ya sehemu 3 kati ya 1 yenye sifuri 21. Kilipotua kikaingia katika tungamo la Dunia, na kila kitu kilichoanguka baada ya hapo kimevutwa na sayari iliyo nzito zaidi kwa tani hizo.